Mashine ya Kusikiliza Sengenya

Mama yangu ni wa Munje na marehemu baba yangu alikuwa wa Matuga, na kwa watu waliopenda ngoma kama wao, hilo halikuwa jambo dogo. Kila upande ulikuwa na kundi lake la sengenya, ngoma yetu Wadigo inayopigwa harusini, mazishini na kwenye sherehe mbalimbali, na kila upande uliamini kwamba sengenya hasa ni ya kwao, wale wengine wanajitahidi tu. Siku ya harusi ya wazazi wangu makundi yote mawili yalifika na vyombo vyao, yakashindwa kukubaliana nani atangulie. Mama husimulia kwamba alikaa ndani amekwisha kupambwa, akasinzia, akaamka, na nje wanaume wazima walikuwa bado wanabishana kwa adabu. Mwishowe walipiga wote kwa wakati mmoja, kila kundi wimbo wake. Tangu hapo hawakukutana tena katika uwanja mmoja.

Kundi la Munje linaongozwa na mjomba wangu, kaka yake mama, mpiga nzumari mwenye mashavu yanayovimba hata unaogopa kumwangalia. La Matuga linaongozwa na shangazi yangu, dada yake baba, ambaye hapigi chombo chochote, lakini hakuna ngoma inayoanza wala kunyamaza bila yeye kutaka. Mimi nilikulia Munje na sengenya ya mjomba nilianza kuicheza kabla sijajua kufunga leso vizuri. Matuga tulikwenda likizo. Huko nilikuwa mgeni, na mgeni hukaa mkekani akala, akasikiliza, akapiga makofi. Sikuwahi kuingia uwanjani.

Nilipokua nilisomea kompyuta, na sasa nafundisha katika chuo kimoja mjini Kwale. Nimepanga nyumba Ukunda. Miaka michache iliyopita nilijiandikisha kwa shahada ya pili, na msimamizi wangu wa utafiti, profesa wa makamo aliyeko Nairobi, aliniuliza ninapenda nini nje ya kompyuta. Nikamwambia ngoma. Akafurahi kuliko nilivyotarajia.

"Basi tufanye hivi," aliniambia kwenye video. "Kuna watu wanaotumia mitandao ya neva kuchunguza muziki, lakini wengi wanachunguza piano na magitaa. Unaweza kuufundisha mtandao utambue namna kundi moja linavyopiga, tofauti na kundi jingine linalopiga ngoma ileile?"

Nilimjibu kwamba ninayo makundi mawili, na kwamba tofauti zao nimezisikia tangu utotoni, asubuhi na jioni, wakati wa kula na wakati wa kuosha vyombo.

Niueleze mtandao wa neva kama nilivyowaeleza jamaa zangu. Ni programu ya kompyuta, imeitwa hivyo kwa sababu imeundwa kwa kuiga, kwa mbali sana, namna neva za ubongo zinavyopashana habari. Haifundishwi kwa kupewa kanuni, hufundishwa kwa mifano. Unaipa kipande kifupi cha muziki, yenyewe inakisia kimetoka wapi. Unaiambia imepata au imekosa, nayo inajirekebisha kidogo tu. Kisha unaipa kingine, na kingine, mpaka mahali ambapo mwanadamu angekuwa ameomba ruhusa kwenda nyumbani. Tena haisikii kama sisi. Sauti hugeuzwa kuwa picha, noti za chini zikiwa chini na za juu zikiwa juu, na penye kishindo rangi hukolea. Kwa hiyo mashine huitazama ngoma kuliko inavyoisikia.

Nilianza kurekodi Munje. Mjomba alinipokea uwanjani mbele ya nyumba yake, nyuma ya minazi, hatua chache kutoka ufukweni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Na hicho chenye manyoya ni mnyama gani?"

Nilimwambia ni kinasa sauti, na manyoya ni ya kuzuia upepo. Akakizunguka, akakigusa kwa kidole.

"Sasa hiyo mashine yako ikishasikia, itasema nini?"

"Itasema kama ngoma ni ya Munje au ya Matuga."

"Hilo hata kuku wangu wanalijua. Itasema ipi ni nzuri?"

"Hapana, mjomba. Uzuri haiujui."

"Mwalimu wake si wewe? Basi ifundishe."

Walipiga siku hiyo kama wanaoposa. Wiki iliyofuata nilikwenda Matuga kwa shangazi, ambaye uwanja wake umepakana na mashine ya kusaga mahindi ya jirani. Alinikaribisha kwa muhogo wa nazi na chai ya tangawizi, akaniacha nile, ndipo akauliza polepole kama aulizaye habari za mvua:

"Umeanza kwa nani kurekodi?"

"Nimeanza Munje, shangazi, kwa sababu nilikuwa nimekwenda kumwamkia mama."

"Aa. Ni vyema kumwamkia mama." Akaniongezea chai. "Nao walipiga muda gani?"

Nikamwambia. Kundi lake likapiga zaidi ya hapo, na kila nilipotaka kuzima kinasa sauti alinitazama, nikakiacha.

Nilirudi kwa kila kundi mara kadhaa, kisha nikaketi nyumbani Ukunda nikaanza kuifundisha mashine. Jirani yangu wa ng'ambo ya ukuta, kijana wa bara anayefanya kazi hotelini Diani, aliniambia sasa hata akiwa anapanga meza za wageni vidole vyake vinapiga sengenya. Mwanzoni mashine ilibahatisha tu. Kisha ghafla ikashika. Kila kipande nilichoipa, hata ambacho haikuwahi kukisikia, ilikipatia. Nilimtumia profesa matokeo, naye akanipigia simu akiwa bado anakula chakula cha mchana.

"Ni mazuri mno," alisema. "Yaangalie tena."

Mimi nilisikia neno "mazuri" na sikulisikia "mno". Nikaandika kwenye kundi la familia la simu kwamba mashine imethibitisha: Munje na Matuga hazifanani. Pande zote mbili zikapokea habari hiyo kama ushindi. Mjomba alituma sauti fupi ya nzumari. Shangazi aliandika, "Alhamdulillahi, ukweli haujifichi."

Yaliyofuata niliyagundua kwa bahati. Nilikuwa nikikatakata rekodi vipande, na kimoja nilikikata vibaya. Hakikuwa na ngoma hata moja. Kilikuwa ni kile kipindi kabla ya kuanza, mjomba anakohoa, mtu anauliza kiti kiko wapi, basi. Kwa mchezo nikaipa mashine. Ikajibu Munje, tena kwa uhakika kabisa.

Nikakaa nikikitazama kioo cha kompyuta. Nikachukua kipande cha Matuga ambacho shangazi anaongea peke yake, anawaagiza watu wasogeze mkeka. Ikajibu Matuga. Labda inatambua sauti za watu, nilijiambia. Basi nikaanza kufunika sehemu za ile picha, moja baada ya nyingine, ili nione mashine inategemea nini. Nilifunika ngoma. Ikapatia. Nilifunika nzumari, nikafunika upatu, ile sahani ya shaba inayogongwa, nikafunika sauti za watu. Ikaendelea kupatia. Nilipofunika ule ukanda uliokuwa chini kabisa ya picha, kama ukungu, ambao sikuwa nimeujali, mashine ikapotea kabisa.

Nikavaa spika za masikioni nikasikiliza ukanda huo peke yake. Katika rekodi za Munje ulikuwa mvumo wa mawimbi. Katika rekodi za Matuga ulikuwa mngurumo wa mashine ya jirani ya kusaga mahindi. Mtandao wangu wa neva haukuwa umejifunza sengenya hata kidogo. Ulikuwa umefuzu kutofautisha bahari na unga.

Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama niko salama. Kisha nikakumbuka kundi la familia, nikaacha kucheka.

Profesa alipoelezwa alicheka mpaka akavua miwani akajifuta macho. "Mashine haijakudanganya," alisema alipopata pumzi. "Uliiuliza tofauti, nayo ikachagua iliyo rahisi. Wanafunzi wangu wote wanafanya hivyo. Sasa warekodi mahali pamoja, siku moja, kwa kinasa sauti kilekile."

Kwake yeye hilo lilikuwa jambo la kiufundi. Nilimpelekea mama habari hiyo, naye akaendelea kukuna nazi.

"Unajua unaloliomba?" aliniuliza.

"Najua, mama."

"Mjomba wako hatakwenda Matuga. Wifi yangu hatakuja Munje." Akakuna tena. "Lakini Msambweni hakuna mwenyewe kati yao. Na mimi nikiwaalika kula, nani atakataa?"

Mama aliomba shamba la minazi la jamaa yetu mmoja pale Msambweni, mbali na pwani na mbali na mashine yoyote. Mimi mwenyewe nilikwenda kwanza nikasimama nikasikiliza ukimya wake. Kulikuwa na kunguru tu, na kunguru hawana upande.

Siku hiyo makundi yalifika asubuhi, kila moja na gari lake, na salamu zilikuwa ndefu na baridi. Waliulizana hali za watoto, za mashamba, za wagonjwa, na kila jibu lilikuwa alhamdulillahi. Mjomba na shangazi walisalimiana kwa heshima zote bila kutazamana. Kisha likaja swali lenyewe, nalo halikuulizwa na mtu, lilikaa tu hewani huku kila upande ukianza kupasha moto ngoma zake ili ngozi zikaze. Nani atangulie?

Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi. "Wanaopiga kwanza watakula mwisho," alisema. "Maana wa pili watakuwa wanasubiri, na mtu hasubiri na njaa."

Harufu ya pilau ilikuwa imeshafika uwanjani. Nikaona jambo ambalo sikuwahi kuliona maishani: makundi mawili ya sengenya yakipeana heshima.

"Tangulieni nyinyi, mmetoka mbali," mjomba alisema.

"Hasha. Wakubwa hutangulia," shangazi alijibu.

"Mimi na wewe tuko sawa."

"Mvi zako ni nyingi kuliko zangu."

Mjomba akajishika kichwa, akakubali. Munje wakapiga, Matuga wakala. Kisha Matuga wakapiga wameshiba, polepole kidogo mwanzoni, nami nikaandika pembeni kwamba tusirudie kosa hilo. Jioni tuliagana vizuri. Hakuna aliyesema tukutane tena.

Nikaifundisha mashine upya. Nilingoja ile ghafla ya kushika, lakini haikuja. Kila nilivyojaribu, mashine ilikisia kama mtu anayerusha sarafu. Kwa masikio ya mtandao wangu, Munje na Matuga zilikuwa kitu kimoja.

Niliona ni heri niseme ana kwa ana. Mjomba alinisikiliza huku akisafisha nzumari yake kwa kitambaa. Nilipomaliza aliiweka chini.

"Imesema sisi na wao ni sawa?"

"Imeshindwa kutofautisha, mjomba."

"Haina masikio," alisema, bila hasira, kama daktari anayetaja ugonjwa.

Nilimpigia shangazi simu. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Mwanangu, nakupenda. Lakini hiyo mashine yako ni kiziwi."

Yaliyotokea baadaye nimeyajua kwa mama. Jioni hiyohiyo mjomba alimwomba namba ya simu ya shangazi. Mama alidhani wanakwenda kugombana, akasogea asikilize. Hawakugombana. Waliongea mpaka chaji ikakaribia kwisha, na mazungumzo yote yalikuwa juu ya mashine. Mjomba alieleza kwa nini ni upuuzi kusema Matuga wanapiga kama Munje. Shangazi alikubali neno kwa neno, akaongeza sababu zake. Miaka yote hiyo walikuwa wakigombea nani mwenye sengenya hasa. Sasa kwa mara ya kwanza walikuwa wamekubaliana juu ya jambo moja, kwamba wao si sawa, na kwamba mimi nimepotoka.

Wakaniita wao wenyewe. Safari hii hakuna aliyemsubiri mama awaalike. Walikubaliana Msambweni, shamba lilelile, makundi yote mawili, na mimi nikae katikati nisikilize mpaka nielewe. Nilichukua kinasa sauti kwa mazoea tu.

Walipiga kwa zamu, wimbo uleule, Munje kisha Matuga, kisha Munje tena. Nilisikia tofauti, bila shaka niliisikia, kama unavyomtambua ndugu yako kwa mwendo akiwa mbali. Lakini nilipoulizwa tofauti yenyewe ni ipi, nilibaki nikipunga mikono hewani. Mjomba naye alipunga. Shangazi alisema ni "uzito", na mpiga msondo wa Munje, yule wa ile ngoma ndefu yenye sauti nzito, akasema hapana, ni "ladha". Tukaishia hapo, sote wajuzi, hakuna aliyeweza kusema.

"Inuka ucheze," shangazi aliniambia. "Ukikaa hivyo utalala."

Nilicheza na Munje kwanza, na mwili wangu ulijua kila kitu. Kisha Matuga wakaanza. Nilifunga leso vizuri kiunoni, nikaingia uwanjani mwao kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Mambo yalikwenda vyema mpaka tulipofika pale wimbo unapogeuka, nzumari inapovuta sauti yake ya mwisho na msondo unajibu. Nilirusha mguu. Msondo haukuwapo. Nikabaki nimesimama kwa mguu mmoja kama korongo, na uwanja mzima ukanitazama, kisha msondo ukalia, nami nikaanguka mbele mikononi mwa mama mmoja wa Matuga.

Walicheka mpaka wapigaji wakaacha kupiga. Nami nilicheka, lakini kichwani kulikuwa na jambo jingine.

"Rudieni hapo," nilisema. "Tafadhali, hapo tu."

Wakarudia, na mguu wangu ukatangulia tena. Nikawaomba Munje wapige palepale, mguu ukafika sawasawa. Nikazunguka baina yao nikiwaomba tena na tena, nikirusha mguu kama mtu anayejaribu viatu dukani, mpaka wakadhani nimechanganyikiwa. Lakini ilikuwa wazi. Munje msondo huingia kabla nzumari haijamaliza, kama mtu anayemkata mwenzake kauli kwa furaha. Matuga msondo husubiri. Huiacha nzumari imalize pumzi yake yote, ukimya unapita kidogo, ndipo hujibu.

"Kumbe nyinyi hamwezi kungoja," shangazi alimwambia mjomba.

"Kumbe nyinyi mnalala," mjomba alimjibu. Walionekana wameridhika sana.

Njiani kurudi Ukunda nilielewa kosa la mashine, ambalo lilikuwa langu. Nilikuwa nikiilisha vipande vifupi mno. Ndani ya kipande kama hicho, chapuo, zile ngoma ndogo, zinazungumza na upatu unalia, na katika hayo makundi mawili yanafanana kweli, maana ni ngoma moja ya watu wamoja. Mgeuko wa wimbo huja mara chache, na ukija, kipande kimekwisha kabla msondo haujajibu. Nilikuwa nimempa mtu neno mojamoja na kumtaka anieleze hadithi.

Nikarefusha vipande. Nikabadilisha mtandao ili uwe na kumbukumbu, uweze kushikilia nzumari akilini mpaka msondo ufike. Ilichukua muda, na mashine haikuwa hodari kama ile ya bahari na unga. Ikipewa wimbo usio na mgeuko hukosa, na nyimbo za mazishi bado humchanganya profesa pamoja nayo. Lakini palipo na mgeuko husikia. Nilifunika picha sehemu kwa sehemu kama mwanzo, na safari hii ilipotea pale hasa ambapo mguu wangu ulipotea.

Mjomba alipopewa habari alisema mashine imeanza kupona. Shangazi alitaka kujua nani anatajwa kwanza kwenye tasnifu. Nilimweleza kwamba nimewataja kwa mpangilio wa alfabeti, na Matuga hutangulia Munje kwa herufi ya pili. Aliona alfabeti ni kitu cha haki sana.

Profesa alikuja mwenyewe baada ya tasnifu kupita, kwa sababu alisema amechoka kuitazama sengenya kwenye picha. Makundi yote mawili yalimpokea Munje. Shangazi alikuja na watu wake wote, na mama alipika wali wa nazi na papa kwa sufuria lisilopita mlangoni. Baada ya kula profesa akaomba ajaribu nzumari. Alipuliza, hakikutoka kitu. Alipuliza tena, ikatoka sauti kama ya punda aliyeamshwa, na watoto wote wa kijiji wakakimbilia uwanjani kuona. Mjomba alimkalisha kwenye kigoda, akamshika mashavu kwa mikono yake miwili, akamwambia pumzi haitoki kifuani, huwekwa hapa. Msomi wa watu akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa, akavuta pumzi, na shangazi akawaashiria wapigaji wake wangoje mpaka amalize.